Kutoka Maoni hadi Uhakiki: Filamu ya "300" na Watazamaji wa Meru na Embu

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, makala haya yanahusu filamu ambayo haimo katika orodha ya vitabu teule na ambayo hutaulizwa swali lolote kuihusu katika mtihani. Nimeichagua kwa sababu ya jibu moja ambalo kila anayesahihisha karatasi ya Fasihi amelikuta: "Mwandishi ametumia chuku, nayo inafanya kazi yake ipendeze." Mwanafunzi huyo anajua jina la mbinu. Ana maoni kuihusu. Hata hivyo, hajahakiki chochote. Maneno ya aina hiyo hiyo nimeyasikia kutoka kwa watu wengi walioitazama filamu ya 300, tangu Maua hadi mjini Embu. Baadhi yao huisifu, wengine huiita uongo mtupu, na pande zote mbili hukomea hapo. Nia yangu ni kuonyesha jinsi maoni hayo yanavyoweza kugeuzwa yawe uhakiki, na hasara inayotupata yanapoachwa yalivyo.

Kwa faida ya msomaji ambaye hajaiona, filamu hii iliongozwa na Zack Snyder ikatolewa mwaka wa 2007. Chanzo chake ni hadithi ya picha ya Frank Miller iliyoanza kuchapishwa mwaka wa 1998, rangi zikiwa zimetiwa na Lynn Varley. Kisa ni cha mwaka wa 480 K.K. Xerxes, mfalme wa Uajemi, anaivamia Ugiriki kwa jeshi kubwa. Leonidas, mfalme wa Sparta, anakwenda na askari mia tatu kuziba njia nyembamba ya Thermopylae, mlima upande huu na bahari upande ule. Wanazuia siku kadhaa. Kisha mtu aitwaye Ephialtes anawaonyesha Waajemi njia ya siri nyuma ya mlima, na Leonidas na watu wake wanauawa. Karibu filamu nzima ilipigwa ndani ya studio mjini Montreal, Kanada, waigizaji wakiwa mbele ya pazia la rangi moja, na baadaye milima, bahari, mawingu na hata damu vikachorwa kwa kompyuta. Ndiyo maana anga lake lina rangi ya shaba, na damu hurukaruka kama wino uliomwagwa kutoka kwenye kalamu.

Ilipotoka nilikuwa mwanafunzi wa kidato cha nne. Wakati huo wengi wetu hatukuijua sinema ya viti vya kukunja. Tulikijua kibanda cha video chenye mabenchi, pazia zito mlangoni na televisheni iliyowekwa juu ili hata wa nyuma wapate. Aliyekuwa na uwezo alinunua diski kando ya barabara, filamu nane au kumi zikiwa zimesongamana katika diski moja, picha za jaladani zikiwa zimefifia hata usijue yupi ni yupi. Kanuni za hakimiliki zilivunjwa waziwazi, na sitalisifu jambo hilo. Ila ndiyo njia ambayo vita vya Wagiriki viliingia katika nyumba za Makutano, Chuka na Runyenjes. Siku hizi diski zimetoweka kwa kiasi kikubwa, na filamu hiyo hiyo hupitishwa kwa simu na vijiti vya kuhifadhia data.

Natoa tahadhari kabla sijaendelea. Filamu hii ina mauaji ya kikatili na picha za uchi, na haifai kuonyeshwa darasani. Nchini Kenya filamu huwekwa katika madaraja ya umri na Bodi ya Uainishaji wa Filamu, na mwalimu hana budi kuliheshimu hilo. Sikushauri uilete shuleni. Ninalosema ni kwamba wengi wa vijana wetu huwa wamekwisha kuiona nyumbani kabla hujawauliza, na walichokiona kinaweza kujadiliwa bila kuwasha televisheni.

Waliyoyasema watazamaji

Kwa miaka kadhaa nimekuwa na mazoea ya kuwauliza watu waliionaje filamu hii, na kuyaandika majibu yao daftarini. Kijana wa kidato cha tatu aliniambia, "Ni uongo, mwalimu. Hakuna mtu mrefu hivyo." Alikuwa akimsema Xerxes, ambaye katika filamu ni jitu linalompita Leonidas kwa kichwa na mabega. Mwenzake akamkatiza kwamba hajali kama ni uongo, kwa kuwa ameitazama mara saba na bado ni tamu. Mwalimu mmoja wa Historia alisema kwa hasira kidogo kuwa filamu hiyo imeharibu somo lake, maana wanafunzi wanaamini Waajemi walikwenda vitani na mazimwi. Mama mmoja muuza mitumba mjini Embu aliniuliza kama wanaume wale hawakuwa na nguo za vita. "Wanapigana vifua wazi, na kule si kuna baridi?" Mkulima wa miraa kutoka Igembe, mtu mzima aliyeitazama pamoja na wanawe, alisema kwamba askari wale walimkumbusha watu wa msituni. Walikuwa wachache, lakini waliijua njia. Na mwanafunzi wa kidato cha pili, ambaye kwa kawaida hasemi darasani, aliuliza swali ambalo nitalirudia baadaye. Aliuliza kwa nini msaliti ilikuwa lazima awe na kibiongo.

Yatazame maoni hayo kwa makini, mtahiniwa. Karibu yote yanazunguka swali moja, yaani, je, mambo yalikuwa hivyo kweli? Swali hilo si baya, lakini lina mahali pake. Ukimwuliza mwanahistoria, atakujibu kwamba Leonidas hakuwa peke yake na watu mia tatu, maana mwanzoni palikuwa na maelfu kadhaa ya Wagiriki. Atakueleza pia kwamba siku ya mwisho, kwa mujibu wa Herodotus, walibaki naye watu mia saba wa Thespiae na mia nne wa Thebes. Atakwambia kwamba askari wa Sparta walivaa kinga za mwili, na kwamba michoro ya mawe ya Persepolis inawaonyesha wafalme wa Uajemi wakiwa na ndevu na kanzu ndefu, wala si uchi wenye vipuli. Mwalimu wa Historia ana haki ya kulalamika.

Lakini sisi ni walimu wa fasihi. Neno "uongo" si istilahi ya uhakiki. Halijakueleza kazi imefanya nini, wala kwa nini. Yule mama wa mitumba, bila kujua, alikuwa karibu zaidi na uhakiki kuliko kijana wa "ni tamu", kwa kuwa yeye aliona jambo mahususi na kulitilia shaka. Vifua vile wazi havikutokana na umaskini wa nguo. Wachongaji na wachoraji wa Ugiriki ya kale walipenda kumchora shujaa akiwa uchi, hata wakati wa vita, ili mwili wake wenyewe uwe sifa yake. Filamu imeuiga mtindo huo wa sanamu na vyombo vya udongo. Kwa hiyo mbele ya kila jambo linaloonekana la ajabu, swali la mhakiki ni hili: limewekwa hivi na nani, ili hadhira imwone nani vipi?

Msimulizi ni nani?

Jambo ambalo watazamaji wengi hulipita bila kulitambua ni kwamba hadithi hii ina mtambaji. Sauti tunayoisikia tangu mwanzo ni ya Dilios, askari wa Sparta aliyepoteza jicho moja vitani na kuagizwa na Leonidas arudi nyumbani akaisimulie habari yao. Mwisho wa filamu tunamwona akiwa mbele ya jeshi la Wagiriki pale Plataea, mwaka wa 479 K.K., akiwa ameimaliza hadithi yake na vita vipya viko karibu kuanza. Karibu filamu yote, basi, ni mbinu rejeshi. Ni maneno ya askari mmoja kwa askari wenzake, muda mfupi kabla ya kufa au kushinda.

Ukiwa na filamu nyumbani una faida ambayo mtazamaji wa sinema hana, maana unaweza kuirudisha nyuma, kama vile msomaji anavyorudia ukurasa. Irudishe, ukahesabu mambo ambayo Dilios anayasimulia ilhali hakuyaona. Hakuwapo Leonidas alipokuwa mtoto akikabiliana na mbwa mwitu katika theluji. Hakuwamo ndani ya hema la Xerxes Ephialtes alipopewa ahadi. Hakuwa katika baraza la Sparta Malkia Gorgo alipohutubu. Na Leonidas alipokufa, Dilios alikuwa amekwisha kuondoka. Anayajuaje basi? Anayajua kama fanani yeyote anavyoyajua mambo ya ngano yake. Anajaza palipo wazi kwa namna itakayomfaa yeye na hadhira yake.

Hapo ndipo chuku inapopata maana. Yule kifaru na wale tembo wakubwa kupita kiasi, yale majitu yenye minyororo, yale mawingu ya mishale yanayoziba jua, hayakutiwa na mtu asiyejua historia. Ni jinsi askari mwenye jicho moja anavyomsimulia adui kwa watu ambao asubuhi hiyo wanatakiwa wasimwogope. Kadiri adui anavyokuwa mkubwa na wa kutisha, ndivyo wale mia tatu wanavyozidi kupanda, na ndivyo msikilizaji anavyoona haya kurudi nyuma. Tusisahau kwamba Herodotus mwenyewe, aliyeandika miongo michache baada ya vita hivyo, alilihesabu jeshi la Xerxes kwa mamilioni. Wanahistoria wa leo hawaikubali hesabu hiyo hata kidogo. Chuku ilikuwamo katika kisa hiki kabla kamera haijabuniwa.

Nasi tusijifanye wageni wa jambo hili. Nani katika Meru hajasikia kisa cha Mbwaa? Wazee wanasimulia kwamba mababu walikuwa watumwa wa watu wa Nguo Ntune, yaani nguo nyekundu, nao mabwana hao wakawatolea mitihani isiyowezekana: walete kiatu chenye manyoya pande zote mbili, watengeneze mkuki unaofika mbinguni. Kisha Koomenjwe akayapiga maji kwa fimbo, yakatengana, na watu wakavuka, weusi wakati wa usiku, wekundu alfajiri, weupe jua lilipokwisha kuchomoza. Sijapata kumsikia mtu wa Imenti au Tigania akimkatiza mzee aseme, "Huo ni uongo, mkuki haufiki mbinguni." Tunajua kwamba urefu wa mkuki ule ni kipimo cha ukatili wa bwana. Na kule ng'ambo ya mto Thuci, Waembu wanapomtaja Mwenendega kuwa baba wa kabila lao, hakuna anayedai hati ya ndoa yake na Nthara. Mbona basi mtoto aliyelelewa na visa hivi aione filamu ya Wagiriki na kuipima kwa rula?

Jibu langu ni kwamba picha hudanganya jicho. Ngano inapotambwa tunamwona mtambaji, tunasikia sauti yake ikipanda na kushuka, na tunajua ni yeye anayesema. Katika filamu mtambaji hujificha, nasi hudhani tunajionea wenyewe. Kumtafuta msimulizi katika filamu, kama katika riwaya, ni kazi ya kwanza ya mhakiki.

Filamu hii ina njia nyingine ya kufanya kazi ya mtambaji, nayo ni mwendo. Askari anakimbia kwa kasi ya kawaida. Mara tu mkuki unapotaka kutoka mkononi kila kitu kinapungua kasi, unauona mkono, unauona vumbi lililosimama hewani, kisha ghafla kasi inarudi na adui ameanguka. Wapo wanaochoshwa na mtindo huu, na mimi ni mmoja wao baada ya nusu saa. Hata hivyo, mtambaji hodari wa kwetu hufanya vivyo hivyo. Akifika penye zimwi kufungua kinywa huvuta maneno, akayavuta, akayavuta, watoto wasipumue, kisha "chwap!" hadithi imeruka. Ni ucheleweshaji unaozaa taharuki. Mtahiniwa anayeweza kuliona hilo katika filamu ataliona pia katika hadithi fupi ambapo mwandishi hutumia ukurasa mzima kwa tukio la dakika moja.

Watazamaji wa kwetu, aidha, huwa na msimulizi wa pili. Vibanda vya video vimewazoea watu wanaozisimulia filamu za kigeni upya kwa Kiswahili na Sheng, na nchini Kenya anayefahamika zaidi ni DJ Afro. Tanzania walikuwa na Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, na Uganda wana mafundi wao wanaoitwa maveejay. Msimulizi wa aina hii hafasiri tu maneno. Hutabiri, hukejeli, humwonya mhusika, mara nyingine humpa jina la hapa kwetu, na huongeza chumvi pale anapoona hadhira inasinzia. Wapo walimu wanaowadharau. Mimi naona kwamba ni fanani kamili, na kwamba mwanafunzi anayetafuta mfano wa uhusiano wa fanani na hadhira katika zama zetu hana haja ya kwenda mbali.

Mwamba ngoma

Nimetetea chuku ya filamu hii kwa kirefu. Sasa ni lazima nigeuke, kwa sababu kumjua msimulizi si kumsamehe. Waswahili husema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Tukishajua kwamba anayesema ni Dilios, tunapaswa kuuliza ngozi imevutwa upande gani, na nani amebaki bila ngozi.

Kuna tukio ambalo katika kila kibanda na kila sebule nililishuhudia likishangiliwa. Mjumbe wa Uajemi anafika Sparta kudai udongo na maji, ishara ya kusalimu amri. Leonidas anamsukuma kwa teke ndani ya kisima kirefu. Mjumbe huyo ni mtu mweusi, na aliyemwigiza ni Peter Mensah, mzaliwa wa Ghana. Vijana wa Meru hupiga makofi kwa nguvu kumwona akitumbukia. Siwalaumu, kwa kuwa filamu imepangwa ili mtazamaji ashangilie. Lakini ndiyo hasara niliyoitaja mwanzoni. Mtoto anayesema "ni tamu" akaishia hapo hajajua kwamba kuna mtu aliyemchagulia nani wa kumshangilia. Upande wa Xerxes umejaa watu weusi, watu wa nyuso zilizofunikwa, watu wenye viungo visivyo vya kawaida. Upande wa Leonidas una miili iliyochongwa. Serikali ya Iran ililalamika waziwazi mwaka wa 2007 kwamba mababu zao wamegeuzwa wanyama, na mtu hahitaji kuwa Mwajemi ili aione hoja hiyo.

Rudi sasa kwa swali la mwanafunzi wa kidato cha pili. Katika filamu Ephialtes ana kibiongo. Ni mwana wa Sparta aliyefichwa na wazazi wake asiuawe alipozaliwa. Anaomba kupigana, Leonidas anamkataa kwa kuwa hawezi kuinua ngao, naye anakwenda kwa Xerxes, anaahidiwa wanawake, mali na sare. Herodotus hamtaji kuwa mlemavu hata kidogo, wala hakuwa wa Sparta. Alikuwa mtu wa eneo lile la Malis aliyetarajia malipo. Ulemavu umeongezwa, na kazi yake ni kumfanya mtazamaji amtambue msaliti kwa umbo. Hii ni mbinu kongwe na nyepesi, na mwalimu anayeipita kimya ajue kwamba darasani mwake huenda yupo anayeitazama kwa uchungu.

Linganisha na fasihi yetu. Fumo Liyongo, kama Muhammad Kijumwa alivyoutunga utendi wake mwaka wa 1913, anasalitiwa na mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa kuozwa binti wa mfalme. Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka, katika tamthilia ya Kifo Kisimani iliyowahi kuwa kitabu teule, anamfanya Gege amwue Mwelusi, nduguye, kwa tamaa inayofanana na hiyo. Wala mwana wa Liyongo wala Gege hana alama yoyote usoni. Wanakula chungu kimoja na shujaa. Usaliti katika kazi hizi unatisha kwa sababu hauonekani kwa macho, na hapo, kwa maoni yangu, waandishi wetu wameizidi filamu ile kwa mbali.

Kuna na kingine ambacho Dilios hakisemi. Askari wa Sparta wanajigamba mara kwa mara kwamba wanapigania uhuru. Lakini mashamba ya Sparta yalilimwa na Waheloti, watu waliofanywa watumwa katika nchi yao wenyewe, na Herodotus anawataja Waheloti miongoni mwa waliokufa Thermopylae. Filamu haiwaonyeshi kabisa. Hicho ni kinaya ambacho mtazamaji hawezi kukipata kwa kurudia diski, kwa sababu kimeachwa nje yake. Yule mkulima wa Igembe aliyewafananisha Wasparta na wapiganaji wa msituni alikuwa na sababu nzuri. Wachache, mlima, njia nyembamba, msaliti anayejua kijia: hayo yote wazee wa Meru na Embu wanayajua tangu miaka ya 1950, na jina la Musa Mwariama bado linatajwa kwa heshima. Nilipomweleza habari za Waheloti alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba basi watu wa msituni hawakufanana na Wasparta, walifanana na hao wengine. Sijapata kusikia maoni yakigeuka uhakiki kwa haraka kuliko hapo.

Namna ya kuliandika jibu

Tuseme swali ni hili: "Jadili matumizi ya chuku katika kazi uliyoisoma." Mtahiniwa wa kwanza anaandika: "Chuku imetumika sana. Adui ni mkubwa kupita kiasi. Hii inafanya kazi ivutie na msomaji asichoke." Ametaja, na ametoa mfano kwa juujuu, lakini maelezo yake yangefaa kazi yoyote duniani. Mtahiniwa wa pili anaandika: "Msimulizi, ambaye ni askari wa upande mmoja, anampa mfalme wa adui kimo cha jitu ili askari anaowahutubia waione vita kama mapambano ya binadamu na zimwi. Chuku hii inakuza ushujaa wa wachache, lakini pia inawanyima maadui ubinadamu, hivyo inafichua mtazamo wa msimulizi kuliko hali halisi ya adui." Sentensi ni mbili tu. Zinataja nani anasema, kwa nani, kwa lengo gani, na kwa gharama gani. Mtahini akiona hivyo katika swali la alama 20 hana pa kukata.

Zingatia kwamba jibu la pili halikusema kazi ni nzuri wala mbaya. Maoni ya kupenda au kuchukia yana nafasi, na sipendi mhakiki asiye nayo. Mimi mwenyewe naiona 300 kuwa filamu ya macho yenye nguvu na moyo mwembamba. Lakini upendeleo huo uje baada ya ushahidi, na katika mtihani uje tu ukiulizwa.

Zoezi moja limenipa matunda kuliko mengine. Niliwaeleza wanafunzi wa kidato cha tatu tukio la kisima kwa maneno, hata yule ambaye hakuwa ameiona filamu, kisha nikawataka walisimulie upya katika nafsi ya kwanza, msimulizi akiwa mjumbe. Wengi walimpa mama anayemngoja nyumbani. Mmoja alimpa jina la Kimeru na kumfanya akumbuke mto wa kwao alipokuwa akianguka. Msichana mmoja alikataa kuandika, akaniletea swali badala ya hadithi: mjumbe alikufa kisimani, sasa hadithi hii angemsimulia nani?

Nilipowarudishia kazi zao niliwasimulia alivyoandika Herodotus. Wasparta kweli waliwatupa wajumbe wa Uajemi kisimani, lakini hilo lilitokea enzi za Darius, babaye Xerxes, na baadaye Wasparta waliona wametenda kosa. Watu wao wawili, Sperthias na Bulis, walijitolea kwenda Uajemi wauawe kama fidia. Xerxes akawakatalia. Alisema hatafanya kama Wasparta walivyofanya kwa kuvunja sheria ya watu wote, akawaacha warudi kwao.

Darasa lilikaa kimya. Kisha wakataka kujua kwa nini filamu imeliacha hilo. Nilikuwa najiandaa kujibu, lakini kijana wa nyuma, yule yule aliyekuwa ameitazama mara saba, akainua mkono. Alisema Dilios asingeweza kulisimulia, kwa sababu jua lilikuwa linachomoza, askari walikuwa wameshika mikuki, na hakuna anayewaambia watu kama hao kwamba adui aliwahi kuwaachilia wenzao waende nyumbani.